Chururu Si Ndo Ndo Ndo

Embe limeiva kwenye mwembe ulioinamia mto Tana, pale kijijini Wema, na halina wa kulichuma. Linaning'inia juu ya maji kwa kikonyo chembamba, upepo unalichezea huku na huku, kisha kikonyo kinaachia. Chubwi! Watoto waliokuja kuchota maji hawakuliona likianguka, maana mwembe wameupa mgongo. Wamesikia tu, na viwimbi havijafika ukingoni mmoja wao keshajitosa hadi magotini kulifuata, huku mamaye akimfokea arudi. Punde si punde, chini kidogo ya hapo, pande zima la udongo linameguka kwenye ukingo na kuingia mtoni. Tubwi! Safari hii hakuna anayekimbilia. Wanarudi nyuma wote, ndoo zikiwayumba mikononi, na mama aliyekuwa akisugua sufuria kwa mchanga anainua kichwa na kuutazama mto kwa kitambo. Mgeni aliyeshuka leo kwenye matatu ya Garsen atasema sauti hizo mbili ni moja: kitu kimeangukia maji, basi. Mtoto wa Wema anajua kwamba ya kwanza ni chakula na ya pili ni amri ya kuondoka.

Shuleni maneno hayo huitwa tanakali za sauti, na wataalamu wengine huyaita viigizi. Mwaka 1935 Clement Doke, aliyeandika sana juu ya sarufi za lugha za Kibantu, aliyabunia jina la ideofoni, kwa kuwa aliona hayakai vizuri katika chumba cha vielezi wala cha vihisishi, vyumba vilivyojengwa kwa kupimia Kilatini. Kufikia hapo wamishonari wa Kijerumani kutoka Neukirchen walikuwa wamekwisha kukaa Ngao, si mbali na Wema, na mmoja wao, Ferdinand Würtz, alikuwa ametoa kamusi ya Kitikuu na Kipokomo mwaka 1895. Kamusi ni kazi ya heshima, nami siidharau. Lakini neno la aina hii halitulii kitako kamusini. Nomino unaweza kuiita, ukaielekezea kidole, ukaiandika. Kitenzi utaomba mtu akitende mbele yako. Sasa mwambie mzee wa Kipokomo, wa hapo hapo Wema, akutajie maneno ya namna ya kuanguka: atakutazama tu, kwa sababu hajaona kitu kikianguka. Neno hilo hungoja tukio. Likija hutoka pamoja na mkono, macho na shingo, na likiisha kutoka halina haja ya kurudiwa.

Jina la tanakali za sauti nalo, pamoja na uzuri wake, lina kasoro moja. Mengi ya maneno hayo hayana sauti yoyote ya kuigwa. Mamba anapoingia majini pale Wema hatoi chubwi wala tubwi. Ukingoni palikuwa na gogo, sasa gogo halipo, na mto umekaa kimya ji. Hiyo ji inaiga nini? Yangeyange wanaofuata ng'ombe wa wafugaji Waorma malishoni ni weupe pe, na weupe haupigi kelele. Maji ya furiko yakishuka na udongo wa bara huwa mekundu pyu. Mtoto amelala fofofo, kanga imelowa chepechepe, usiku ni giza totoro, mlango umefungwa ndi. Katika haya yote hakuna mlio hata mmoja, na hata hivyo ulimi umepata la kusema, kana kwamba rangi na giza na usingizi vingepewa mdomo vingejitaja hivyo hivyo. Mimi nadhani hapa ndipo penye siri ya maneno haya. Jicho huona, ngozi huhisi, pua hunusa, kisha vyote huazima koo.

Wajapani walilijua jambo hili wakalipangia milango. Yanayoiga sauti huyaita giongo, na yanayoeleza hali isiyo na sauti huyaita gitaigo. Wanayo kwa maelfu, na kamusi nzima zimeandikwa kwa ajili yake. Mvua inayoanza kwa matone ya kuhesabika ni potsupotsu, ile ya polepole isiyokera ni shitoshito, na ile ya kumwagika ni zaazaa. Nyota hung'aa kirakira, na mwenye njaa hulalamika kwamba yu pekopeko. Kimya kikuu nacho wana neno lake, shiin, ambalo wachoraji wa vitabu vyao vya katuni hulichora likitanda juu ya chumba kitupu. Ni pacha wa ji yetu, ingawa lugha hizi mbili hazina mama mmoja wala hazikukua mtaa mmoja. Tena huko maneno haya si ya watoto peke yao. Mgonjwa mzima na akili zake humwambia daktari kwamba kichwa chamuuma zukizuki, yaani kwa kudunda, au kwamba ngozi yamchoma chikuchiku, kama vijisindano, na daktari huandika maana yake bila kucheka. Matangazo ya biashara huyatumia kueleza jinsi mkate unavyovunjika mdomoni. Taifa linalounda mashine za hali ya juu kabisa halikuona aibu kusema zaazaa.

Nayataja haya ya Japani kwa sababu Japani ilifika hadi kwenye mabonde ya Wema. Mradi wa umwagiliaji wa Delta ya Tana, uliosimamiwa na TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, ulijengwa kwa mkopo wa Japani: matuta ya kuzuia mto, mifereji ya kuuleta mto pale unapotakiwa tu, na mashamba ya mpunga yaliyonyooka kama daftari la hesabu. Kisha ikaja mvua ya El Niño ya mwaka 1997 ikaingia na 1998, na mto ukazibomoa kingo na mifereji hiyo, mradi ukasimama kwa miaka mingi. Sababu za kuanguka kwa miradi ni nyingi na zimejadiliwa na wanaozielewa zaidi yangu. Mimi hunijia picha nyingine. Naziona jamii mbili za wakulima wa mpunga zimekutana juu ya tope moja, zote mbili zikiwa na vinywa vilivyojaa maneno ya maji. Huyu wa Wema anajua maji yanayotiririka tiriri, yanayobubujika bubu, yanayochuruzika chururu, na yale yanayotulia tuli kabla ya kuleta balaa. Yule wa Japani ana zaazaa yake, na mengine mengi ya maji yapitayo kwenye mawe na maji yapitayo kwenye majani. Lakini karatasi za mradi ziliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo viigizi vyake vingi imevifungia kwenye vitabu vya watoto, na kwenye karatasi hizo maji yakawa na ujazo na kasi, yakakosa sauti.

Mpimaji atanijibu kwamba daraja halijengwi kwa tiriri, na ni kweli. Sitaki mhandisi aandike pu kwenye ramani. Nasema tu kwamba namba hukwambia maji ni mengi kiasi gani, na kiigizi hukwambia yanakujaje. Mtu anayelala kwenye nyumba ya udongo anahitaji kuyajua yote mawili.

Msikilize mtu wa delta akisimulia furiko lililomkuta usiku. Haanzi na maji. Huanza na vyura, waliokuwa wakipiga kelele tangu magharibi, wakanyamaza ghafla, ji. Halafu mbwa. Halafu kitu kinapita chini ya mlango, chururu, chembamba, unadhani ni panya. Unateremsha mguu kutafuta ndala na mguu unafanya chubwi mahali ambapo jana palikuwa sakafu. Ndala imeelea hadi kwenye mafiga. Unawasha tochi: ukuta umelowa tepetepe kuanzia chini, na mstari wa unyevu unapanda huku unautazama. Kuku wamepanda juu ya kabati. Unawatoa watoto, unatoa godoro, unarudi kuchukua gunia la mchele, na msimulizi akifika hapa hunyamaza na kunyoosha kiganja chake hewani, kimetulia, kama dari. Kisha kiganja kinashuka. Pu. Ndio ukuta huo. Hasemi nyumba ilianguka, maana amekwisha kusema. Na wewe uliyeketi naye kwenye mkeka miaka mingi baadaye umeinamisha kichwa bila kujua kwa nini.

Jaribu kulitoa neno hilo moja kwenye simulizi yake. Weka pale sentensi safi ya gazeti, kwamba makazi kadhaa yaliharibiwa. Habari imebaki ile ile na ushahidi umeondoka. Maana asemaye pu anakuapia kwamba alikuwapo, na aliyesikia kwa watu hulitamka neno hilo kwa woga, likatoka jepesi. Wazee mahakimu wa vikao vya kijijini, nasadiki, wamekamata waongo wengi kwa njia hiyo bila kuwatajia.

Kiswahili kina methali moja iliyotengenezwa kwa maneno ya namna hii tu, nayo ni hazina: chururu si ndo ndo ndo. Itazame vizuri. Haina maji ndani yake. Haina chombo, haina paa, haina mtu, haina hata kitenzi zaidi ya kile kikanushi kidogo kilichosimama katikati kama nguzo. Kulia kuna matone, kushoto kuna mchirizi, na kila aliyewahi kukinga ndoo chini ya ukingo wa makuti anajua yaliyosalia. Matone yana subira. Unaweza kuyahesabu, unaweza kulala na kuamka ukayakuta yangali yakihesabika. Mchirizi hauhesabiki. Watu huitumia methali hiyo kwa mali na kwa mapato, kwamba kinachoingia mfululizo si sawa na kinachoingia kwa kudona. Lakini kando ya Tana imerudi kwenye maana yake ya mwanzo, kama mtu aliyetembea miji yote akarejea kwao. Mto wakati wa kiangazi hudondosha, masika huchuruza, na shamba la Mpokomo tangu zamani limekuwa likitegemea kujua ni lini moja linageuka kuwa jingine, kwa kuwa furiko likija kwa kiasi huacha rutuba, na likipotea mpunga hukauka kau.

Iko pia bandu bandu huisha gogo, ambayo husomwa kama sifa ya uvumilivu. Ukiisikia ukiwa umesimama kwenye ukingo unaomegwa na mto kila mwaka, hutaona sifa yoyote. Bandu ni ukingo, bandu ni mwembe uliokuwa umepandwa na babu, bandu ni njia ya kwenda shambani. Na kipo kile kitendawili cha parrr mpaka Maka, jibu lake utelezi. Sijaona maelezo bora ya barabara za huko baada ya mvua. Dereva wa pikipiki anayetoka Garsen kwenda Wema mwezi wa Mei hana haja ya kuambiwa jibu.

Siku hizi mto wenyewe umebadilisha usemi. Tangu mabwawa ya juu yajengwe, hasa Masinga lililokamilika mwaka 1981, Tana haisemi tena kwa kufuata mvua peke yake. Mabwawa yakifurika huko juu, maji hushuka mamia ya kilomita na kuufikia uwanda wa delta chini ya anga jeupe pe, bila wingu, bila ngurumo, bila dudumizi kutangulia kulia. Sikio lililofunzwa kwa vizazi linasikiliza mahali ambapo hakuna wa kusema. Ndipo zinapokuja ilani za serikali, kwa redio na kwa simu, zikiwataka wakazi wa maeneo ya chini wahamie maeneo ya juu. Katika mafuriko ya mwaka 2024 ilani kama hizo zilikuwa nyingi nchini Kenya. Zina faida, na anayezipuuza hujitakia. Ila zimeandikwa kwa lugha ya ofisi, kwamba kiwango cha maji kinatarajiwa kuongezeka, na neno kuongezeka ni neno la ndo ndo ndo. Chururu iko wapi humo?

Kuna sauti nyingine iliyoondoka huko Tana, kubwa kuliko hizi zote. Wapokomo walikuwa na ngadji, ngoma takatifu, ambayo wengi hawakuruhusiwa kuiona. Waliisikia tu. Kwa walio wengi ngadji haikuwa mti wala ngozi. Ilikuwa mngurumo unaotoka usipopajua, na kutoka mngurumo huo watu walipata kujua kwamba kuna mamlaka juu yao na kuna utaratibu wa dunia. Mwaka 1902 maafisa wa Kiingereza waliichukua, na tangu mwaka 1908 imehifadhiwa katika stoo ya British Museum, London. Wenyewe wameidai. Nikiiwaza, sikasirishwi sana na umbali kama ninavyokasirishwa na kabati. Kitu kilichoumbwa kisikike, kisionekane, kimewekwa mahali ambapo hakisikiki wala hakionekani, na pembeni yake, nadhani, kuna kadi yenye namba na vipimo. Ngoma imefanywa nomino.

Na Kenya nzima, ajabu, husimama wima kwa sauti iliyotoka kwa watu hao hao. Lahani ya wimbo wa taifa, uliotayarishwa kwa ajili ya uhuru wa mwaka 1963, ilichukuliwa kwenye wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Walioitafuta lahani hiyo walikuwa wanamuziki waliosomea kazi yao. Wangeweza kuchagua wimbo wa vita au wa mfalme. Wakachagua sauti ambayo mama huitoa mtoto akigoma kulala. Ndiyo maana hunichekesha nikisikia mhariri akisema tanakali ni maneno ya kitoto, ayakate. Mwaka hadi mwaka maspika, majenerali na marais hukaza mikono ubavuni kwa kitu cha kitoto.

Hatujazikosa tanakali shuleni, tusisingiziane. Zimo, tena kwa wingi, katika jedwali. Watoto wa Kenya walizikariri kwa ajili ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, hadi mtihani huo ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na bado wanazikariri kwa mitihani mingine: anguka majini chubwi, anguka matopeni tapwi, anguka mchangani tifu, anguka sakafuni pa. Safu ya kushoto, safu ya kulia, alama moja moja. Mwanafunzi wa jijini ambaye hajaona tope la kumeza goti anaandika tapwi na kupata. Mwanafunzi wa Wema akiulizwa jiwe lilianguka majini vipi, ana haki ya kuuliza kwanza: jiwe kubwa kiasi gani, mwalimu? Kwenye kina au kwenye maji mafupi? Lilirushwa au liliteleza? Akiandika tubwi anapigwa mkasi mwekundu. Tumeichukua sehemu ya lugha iliyo huru kuliko zote, ile ambayo msemaji anaweza kuirefusha, kuikunja, kuinong'ona, hata kuibuni papo hapo na bado akaeleweka, tukaifanya kuwa sehemu yenye jibu moja tu. Lugha za Sabaki, Kiswahili na ndugu zake Kipokomo, Kimijikenda, Kielwana na Kikomoro, zimeyafuga maneno haya katika mashamba, mitumbwi na majiko. Hakuna aliyejifunzia kwenye safu.

Sina shaka kwamba yatasalia. Watu wataendelea kuanguka, na walioanguka watasimuliwa. Ninachohofia ni kwamba yatabaki yale kumi na matano ya mtihani, na mengine yatakwenda pamoja na vitu vilivyoyazaa. Msitu wa kando ya mto ukikatwa, mlio wa tawi linapobebeshwa mbega mwekundu wa Tana na kuachiwa ghafla hauna tena wa kuutaja. Upondo ukiachwa kwa ajili ya injini, sauti ya ncha yake inapochomoka topeni itakuwa haina mwenyewe. Hayo hayamo kwenye jedwali lolote nililowahi kuliona. Yamo vinywani mwa watu wazima wa Wema, Hewani, Kulesa na Ngao, ambao hawajui kwamba wanayo.

Kwa hiyo wewe mwenye mwanafunzi nyumbani huko delta, au wewe mwalimu uliyepangiwa shule ya huko ukaiona mbali: mpe mtoto daftari, mtume kwa bibi yake, asimuulize maana ya neno lolote. Amwombe amsimulie furiko moja tu, la mwaka wowote anaoukumbuka, na aandike kila sauti kama alivyoisikia, na mikono ya bibi ilikuwa wapi alipoitoa. Na siku akijibu tubwi, mpe alama yake.